Kila Mwamba Ngoma: Mhadhara juu ya Kutuni Bongo kwa Wanaoanza



Mara ya kwanza nilipoambiwa, "Wewe utashika bongo," nilicheka. Bongo niliyoijua ni ya kichwani. Mtu mwerevu husemwa ana bongo, na Dar es Salaam ikaitwa Bongo kwa kuwa asiye na akili ya kuhangaika haponi pale. Nikafungua mfuko, nikakuta ngoma mbili fupi, moja kubwa kuliko mwenzake, zimeshikamanishwa ubavu kwa ubavu. Nikauliza ile ndogo jina lake nani. Nikajibiwa: macho. Nikacheka mara ya pili. Bongo yenye macho! Nikauliza kwa mzaha, na masikio yake yako wapi?

Sasa nina mvi, na swali lile la mzaha ndilo nililowaletea leo. Bongo haina masikio. Masikio ni yako wewe uliyeshika spana, na usipoyatumia, ngoma itakuumbua mbele ya watu. Nitawaeleza ngoma hii imetoka wapi, sauti yake inapandaje na kushukaje, na namna ya kuitengeneza hatua kwa hatua. Lakini uzi utakaoshona yote hayo ni methali mnayoijua tangu utoto: kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Tumezoea kuitumia kwa wanasiasa na ndugu wanaogombea mirathi. Mimi nataka leo tuirudishe nyumbani kwake, kwenye ngoma.

Ngoma yenyewe

Bongo ni mtoto wa mashariki ya Cuba, upande wa Guantánamo na Santiago. Ilitokea huko mwishoni mwa karne ya 19 katika muziki wa changüí na son, mikononi mwa watu wa shamba na vibarua, wengi wao wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani, wenye asili ya Kongo wakiwamo kwa wingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 son ikafika Havana. Mwaka 1920 likaundwa kundi la Sexteto Habanero, watu sita tu, na bongo ikiwa ngoma yao pekee. Mpigaji wake huitwa bongosero.

Ile ndogo, macho, maana yake kwa Kihispania ni dume. Ile kubwa ni hembra, yaani jike. Sisi hatukukosa majina ya namna hiyo: chapuo ni ngoma ndogo yenye sauti kali, na vumi ni ile nzito, jina lake lenyewe linavuma. Mkitaka kukumbuka kwa urahisi, semeni macho ni chapuo na hembra ni vumi. Tofauti ni kwamba kwetu kila ngoma ina mtu wake. Mcuba amezifunga mbili pamoja, akampa mtu mmoja azibane kwa magoti, macho ikae kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia.

Ilitufikiaje? Kwa santuri. Mwaka 1930 bendi ya Don Azpiazú ilirekodi New York wimbo wa El Manisero, yaani muuza karanga, ukazagaa duniani. Miaka michache baadaye kampuni ya HMV ikaanza kuuza Afrika santuri za Cuba zenye herufi GV, na wimbo huo ukapewa namba moja. Vijana wa Kongo walizisikiliza wakazaa rumba yao. Morogoro, Salum Abdallah aliipenda mno mitindo hiyo hata bendi yake ikaitwa Cuban Marimba. Hapa Unguja taarab nayo ikachukua midundo ya rumba na bolero, na bongo ikapata kiti chake karibu na dumbaki na rika. Tazameni Culture Musical Club, kundi la tangu mwaka 1958: katikati ya fidla, ganuni na akodioni, utaziona bongo. Basi hii si ngoma ya kigeni tena. Ni mgeni aliyekwisha kuoa hapa.

Moto hauna kwake

Bongo za mwanzo hazikuwa na nati. Ngozi ilipigiliwa misumari moja kwa moja kwenye mzinga wa mti. Sauti ikilegea, bongosero aliisogeza ngoma kwenye mshumaa, taa au jiko mpaka ipande. Hilo halihitaji maelezo mbele ya watu wa pwani. Nani hapa hajaona wapiga ngoma wakiwasha makuti kabla ya shughuli kuanza, wakizizungusha ngoma zao juu ya moto, wakigonga, wakisikiliza, wakirudisha tena motoni?

Moto hufanya nini? Ngozi mbichi iliyokaushwa hunywa maji ya hewani. Ikinywa, hulegea, ikikauka, hujikunja na kujivuta. Moto huikausha ngozi, nayo hujikaza yote kwa pamoja, maana ukingo wake umeshikwa kila upande na hauna pa kwenda. Fundi akiizungusha ngoma vizuri, hakuna upande unaopendelewa. Moto hauna kwake.

Lakini moto una kasoro yake. Ngoma ikipoa hulegea tena, na mpigaji hawezi kukimbilia jikoni kila baada ya nyimbo mbili. Kadiri bendi zilivyoongeza tarumbeta, bongo ilihitaji sauti kali zaidi ili isizame, na sauti hiyo idumu usiku kucha. Kufikia miaka ya 1940 bongo zenye vyuma vya kukazia zilikuwa zikienea, wakati ambao José Mangual alikuwa akipiga bongo katika bendi ya Machito mjini New York. Marekani ilipoiwekea Cuba vikwazo vya biashara mwaka 1962, ngoma za Cuba zikaadimika New York. Mhandisi mmoja, Martin Cohen, akaanza kujitengenezea bongo zake, na mwaka 1964 akaanzisha kampuni ya Latin Percussion. Bongo nyingi zinazouzwa madukani leo, hata zile za bei ndogo, zinafuata umbo la vyuma lililoenea wakati huo.

Chuma kilileta faraja, na kilileta mtihani. Moto ulikaza ngozi nzima; nati hukaza mahali pamoja tu. Tangu siku bongo ilipopata nati nne, mpigaji alipata uwezo wa kuipendelea nati moja na kuzisahau tatu. Ile methali ikapata chuma.

Kisa cha harusi ya masika

Naomba nijishtaki mwenyewe kabla sijawafundisha.

Nilikuwa kijana, nimeshika bongo kwa miezi michache tu. Tulialikwa harusini mwezi wa Aprili, mvua haijui kukoma. Tulipofika ukumbini macho ilikuwa imelegea, inatoa sauti ya kigae kilicholowa. Nikaiweka mapajani, nikachukua spana, nikakaza nati mbili zilizokuwa upande wa tumbo langu, kwa sababu ndizo nilizozifikia bila kuinuka. Sauti ikapanda. Nikafurahi. Baada ya nyimbo mbili ikashuka. Nikakaza tena zile zile. Ikashuka tena, nikakaza tena. Katika wimbo wa nne, bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia, nilisikia mlio kama wa bunduki ya kuchezea. Ngozi ilikuwa imechanika ukingoni, upande wangu.

Mzee wetu wa fidla hakusema kitu mpaka shughuli ilipokwisha. Nikamfuata, nikamwambia shikamoo. Akaitika marahaba, akaichukua ile bongo, akaigeuza taratibu mbele ya taa. Pete ya juu ilikuwa imelala kama jahazi lililopakiwa upande mmoja.

"Mwanangu," akaniuliza, "ile methali ya mwamba ngoma unaijua?"

"Naijua, babu."

"Basi sasa unamjua na mwenyewe."

Tangu siku ile sijakaza nati moja bila kumkumbuka mwenzake wa ng'ambo.

Viungo vya bongo

Chukueni sasa bongo zenu tuzitazame. Kuna mzinga, yaani mwili wa mti au faiba, ulio wazi chini. Mdomo wa juu wa mzinga ndio unaobeba ngozi, kwa hiyo lazima uwe laini na sawasawa. Ukiwa na jino au ufa, hakuna spana itakayokuokoa. Kuna ngozi. Juu yake kuna pete ya chuma inayoibana, na chini ya mzinga kuna pete nyingine. Vyuma vinavyoshuka kutoka pete ya juu mpaka ya chini ndivyo vya kukazia, na chini kabisa vina nati. Bongo nyingi zina vinne kwa kila ngoma. Nyingine zina vitano au zaidi. Katikati kuna kipande cha mti kinachoziunganisha ngoma mbili.

Kipimo cha kawaida ni inchi 7 hivi kwa macho na inchi 8 na nusu kwa hembra, upana wa mdomoni. Spana yake mara nyingi ni ya nusu inchi au ya milimita 13. Tumieni iliyokaa sawa. Koleo hula kona za nati, na nati iliyoliwa kona ni deni utakalolilipa siku ya onyesho.

Ngozi zipo za aina mbili. Ya mnyama, ya ng'ombe, nyumbu wa kubebea mizigo au mbuzi, ina sauti ya joto, lakini hunywa unyevu. Ya plastiki, ambayo kampuni kama Remo, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1957, iliisambaza duniani, haijali mvua na sauti yake ni kali zaidi. Anayeanza anaweza kuanza na yoyote. Ajue tu kwamba ya mnyama itamfundisha zaidi, maana itambadilikia kila siku.

Hesabu fupi

Mambo matatu huamua ukali wa sauti ya ngozi. Ikiwa pana, sauti hushuka. Ikiwa nene na nzito, sauti hushuka. Ikivutwa, sauti hupanda. Upana na uzito vilikwisha kuamuliwa na fundi aliyeitengeneza. Wewe umeachiwa mvuto peke yake.

Kwa hesabu ya darasani, kuipandisha ngoma kutoka do ya chini mpaka do ya juu, mvuto lazima uongezeke mara nne. Mara mbili haitoshi. Maana yake mkononi ni hii: ngozi ikiwa imelegea, robo mzunguko ya nati huonekana mara moja katika sauti, ikiwa imekazwa sana, robo ile ile huongeza sauti kidogo tu huku ikiidai ngozi mengi. Kwa hiyo ukifika mahali unakaza na sauti haisogei tena, usiongeze nguvu. Ngoma inakuambia imetosha.

Hesabu ya pili. Chukua ngozi mbili za aina moja, uzivute sawa, moja kwenye mzinga wa inchi 7 na nyingine wa inchi 8 na nusu. Tofauti ya upana peke yake itakupa umbali wa sauti kama wa kutoka la mpaka do, au zaidi kidogo. Ukitaka zitengane kwa oktavu nzima, macho ivutwe kiasi cha mara 2.7 ya hembra. Ndiyo maana macho huchanika zaidi kuliko mwenzake, na ndiyo maana macho inahitaji uangalifu zaidi.

Hesabu ya tatu ndiyo inayotuhusu hasa. Waya wa gitaa ukiupiga, sauti zake ndogondogo za juu hupangika mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya msingi, na sikio husikia noti moja safi. Ngozi ya duara haiko hivyo. Sauti yake ya pili ni mara 1.59 hivi ya ile ya kwanza, na nyingine zinazofuata nazo hazikubali kupangika. Hiyo ndiyo tabia ya ngoma, na hatuwezi kuibadilisha kwa spana. Lakini ngozi ikivutwa upande mmoja kuliko mwingine, hiyo sauti ya pili hupasuka ikawa mbili zinazokaribiana, nazo hugombana. Utasikia ngoma inayumba, inalia "wa-wa-wa" inapofifia. Ukisikia hivyo, ujue kuna nati imependelewa.

Hatua kwa hatua

Anza na hembra. Wako wanaopenda kuanza na macho, wakaipandisha kwanza kisha wakaifuatisha hembra. Ni sawa kwa mzoefu. Anayeanza namshauri aanze na jike, maana ngozi yake imelegea zaidi, inasamehe, na kosa lake husikika waziwazi.

Kwanza, legeza nati zote mpaka pete icheze. Futa vumbi mdomoni mwa mzinga. Tia tone dogo la grisi kwenye nyuzi za kila chuma, uikinge ngozi isipate hata tone. Rudisha ngozi, hakikisha imekaa katikati, kisha funga nati zote kwa vidole mpaka kila moja iguse. Hapa ndipo mwanzo wa haki: zote zinaanza mstari mmoja.

Pili, jua upande wa kuzungusha. Nati ziko chini, na wewe unatazama kutoka juu. Ukiitazama nati kwa chini, kukaza ni kwa mwendo wa mikono ya saa. Ukiitazama kutoka juu, mwendo huohuo unaonekana umegeuka. Nimewaona vijana wakilegeza kwa dakika kumi wakidhani wanakaza. Kabla hujaanza, lala chini au igeuze bongo, uhakikishe mara moja, kisha usisahau.

Tatu, kaza robo mzunguko, na nati ya pili iwe ile ya ng'ambo, si jirani. Nati zikiwa nne, nenda ya kwanza, ya tatu, ya pili, ya nne. Zikiwa tano, ruka moja kila mara, kama mtu anayechora nyota. Zungukia zote kabla ya kurudi ya kwanza. Usimalize upande mmoja kisha ukahamia mwingine.

Nne, baada ya kila mzunguko inamia utazame pete. Iko sambamba na mdomo wa mzinga? Kazi ya macho yako ni hii tu, na ni kazi ya mwanzo. Pete iliyonyooka si dhamana ya sauti iliyonyooka, kwa sababu ngozi ya mnyama haina unene mmoja kila mahali. Mgongo ni mnene kuliko tumbo.

Tano, sikiliza. Weka kidole kimoja katikati ya ngozi, kwa wepesi, ili kuituliza. Kwa kidole kingine gonga sentimita 2 au 3 kutoka ukingoni, mbele ya kila nati. Imba ile sauti kimoyomoyo. Sogea nati inayofuata, gonga. Ipo juu au chini? Iliyo chini ikaze kidogo. Iliyo juu ilegeze kidogo. Wengi husahau nusu ya pili ya maneno hayo. Wanakaza tu. Wakikuta nati moja iko juu, wanazikaza tatu ili ziifikie, na kwa mwendo huo ngozi hupanda bila kukusudia mpaka inachanika. Kulegeza nako ni kutuni.

Sita, ngozi ikishakubaliana na nafsi yake, endelea kupanda kwa robo, ukizungukia vilevile, mpaka hembra itoe sauti ya wazi, nene, yenye mwili, isiyovuma kama debe. Kisha ifanyie macho mambo yaleyale, uipandishe juu zaidi, mpaka mguso wa kidole uwe mkavu na mkali.

Saba, pumzisha. Ngozi mpya ya mnyama usiifikishe mwisho siku ya kwanza. Ipandishe kidogo leo, kidogo kesho, kidogo keshokutwa, kama unavyomzoesha mtoto kuogelea. Hata ngozi ya zamani, iache saa moja kisha irudie, kwa kuwa itakuwa imenyooka kidogo na sauti imeshuka.

Umbali wa dume na jike

Huulizwa sana: kati ya macho na hembra pawe na umbali gani? Hakuna amri. Wengi hukaa kati ya umbali wa do mpaka fa na ule wa do mpaka do. Mimi namwambia anayeanza atazame kazi ya ngoma yenyewe.

Mdundo wa msingi wa bongo huitwa martillo, yaani nyundo. Hesabu "moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na". Vidole vinagongagonga macho muda wote, vikali na vyepesi kama fundi kwenye bati, kisha kwenye "nne" hembra inajibu mara moja, wazi. Jibu hilo ndilo bendi nzima inaloegemea. Hembra ikiwa karibu mno na macho kwa sauti, lile "nne" halisikiki na nyundo haina msumari. Ikiwa mbali mno, inalegea, inavuma, inagombana na besi. Basi piga martillo polepole, mwambie mwenzako akae mwisho wa ukumbi. Akisikia "nne" bila kuitafuta, umbali wako umefika.

Na kwa wapiga taarab nasema zaidi: sikilizeni waimbaji na fidla kabla ya kuamua. Bongo iliyolingana na yenyewe lakini inagongana na noti ya msingi ya wimbo itawachosha wasikilizaji bila wao kujua kwa nini. Huna haja ya kuitafutia noti kamili. Ihamishe kidogo tu, juu au chini, mpaka iache kugombana.

Hewa ya kwetu

Vitabu vya kutuni bongo vingi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako adui ni ukavu wa vyumba vyenye vipasha joto. Sisi adui wetu ana majina mengine. Wakati wa masika ngozi hunywa, hushuka, nawe hushawishika kukaza na kukaza. Kisha mvua inakatika, jua linatoka, ngozi inakauka ikiwa bado umeifunga kwa kiasi cha mvua. Hapo huchanika usiku, peke yake, hakuna aliyeigusa. Kaskazi nayo ina joto lake, na gari lililofungwa vioo juani ni tanuri. Nimeona ngozi nzuri ikifa ndani ya gari wakati mwenyewe yuko msikitini.

Kanuni ni nyepesi. Ukimaliza kupiga, legeza. Kila nati kwa kiasi kilekile, tuseme nusu mzunguko kwa macho na robo kwa hembra, na ukumbuke idadi. Kesho utarudisha kwa idadi hiyohiyo, kisha utamalizia kwa sikio. Ukifika ukumbini penye kiyoyozi, usituni mapema. Iache ngoma izoee hewa ya pale kwanza, ndipo uguse spana. Ngozi ya plastiki haihitaji haya yote, ingawa kuilegeza kidogo huzipumzisha pete na mzinga.

Ngoma ikilalamika

Niyapitie haraka malalamiko machache. Ikivuma kama nyuki, kuna nati au kipande cha kati kimelegea. Shika kimojakimoja huku unagonga, mpaka mlio ukome. Ikitoa sauti fupi iliyokabwa, umekaza kupita kiasi, au pete imeshuka ikagusa mzinga. Ikikataa kulingana hata ukihangaika nusu saa, zungusha ngozi robo duara juu ya mzinga na uanze upya. Kasoro ikihama pamoja na ngozi, ngozi ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, tazama mdomo wa mzinga. Na unapokaza macho kufika juu kabisa, usiinamishe uso juu yake. Chuma kikikatika hakichagui pa kwenda.

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Wengine huichukulia kuwa onyo kwa mwenye majivuno. Mpiga bongo aichukulie vilevile ilivyo.

Kazi ya nyumbani

Ndugu zangu, sina sherehe ya kumalizia. Nina kazi.

Kesho asubuhi, kabla hujapiga hata mdundo mmoja, legeza hembra yako yote mpaka ngozi ishuke. Ifunge upya kwa vidole, ipandishe kwa robo, ng'ambo kwa ng'ambo, mpaka ilingane. Ukimaliza, usiipige. Ilegeze tena. Fanya hivyo mara tatu. Mara ya kwanza utachukua saa moja na utanilaani. Mara ya pili mkono utaanza kuijua nati ya ng'ambo. Mara ya tatu, fumba macho, ushike spana, uzunguke kwa sikio peke yake.

Kisha mwite mtu wa nyumbani, mtoto au bibi, asiyejua chochote cha muziki. Mgongee mbele ya kila nati, nne zote, umuulize ipi inatofautiana. Akikuonyesha moja, hata usipoisikia wewe, mwamini yeye, maana huenda ndiyo ile iliyokuwa karibu na tumbo lako.

Sasa naomba kijana mmoja aje hapa mbele na bongo yake. Spana ninayo. Nataka tusikie.